Binti, Mzee na dakika za mwisho studio: uchambuzi wa kisa cha mwimbaji wa pop enzi za mwanzo za rock and roll

Kabla hatujaanza

Jina la huyu mwimbaji nimelitoa, na majina ya nyimbo, lebo na ndugu zake pia nimeyatoa. Wazee wa santuri mtamtambua kabla hamjafika katikati, poa tu, ila naomba msilitaje, maana nimeona mara nyingi jina likishatajwa watu wanahamia kwenye ubishi wa nani aliimba vizuri kuliko nani na kisa chenyewe hakiguswi. Kwa hiyo yeye tumwite Binti na baba yake tumwite Mzee. Miaka, chati, vipindi vya tivii na mambo yaliyokuwa yanatokea nje ya nyumba yao nimeviacha kama vilivyo.

Kisa hiki kila anayekihadithia anasema "kipaji" afu anaishia hapo. Mi nikikifuatilia naona Binti alitoboa kila mara alipomwimbia mtu ambaye wenzake walishasahau kwamba naye ana redio nyumbani. Na aliyekuwa anamwona mtu huyo, mara nyingi, alikuwa Mzee, ambaye kazi yake ilikuwa kuezeka mapaa. Huyohuyo Mzee ndo anayefanya kisa kiwe kigumu kukisimulia, mtaona mbele.

Alikotoka

Amezaliwa mwishoni mwa 1937 huko New Jersey, jirani kabisa na New York, kwenye familia ya Wamarekani wenye asili ya Italia. Akiwa na miaka mitatu baba yake akamnunulia kodiani, ndio, kodiani hiihii tunayoijua kwenye taarab, akamuanzishia masomo na kumzungusha kwenye mashindano ya vipaji na sherehe za mtaani. Akawa anapanda kwenye vipindi vya tivii vya watoto. Mtangazaji mmoja mkubwa wa enzi hizo akampa ushauri wa aina mbili: jina lako la kitaliano refu mno, tafuta fupi, na hiyo kodiani achana nayo. Vyote viwili vikafuatwa.

Alipokuwa kigori akaanza kupata vibarua vya kuimba demo. Zamani mwenye wimbo alikuwa hawezi kumpelekea staa karatasi tu, anatafuta sauti ya bei nafuu irekodi, staa asikie, akiupenda auchukue. Binti alikuwa mkali kwenye hiyo kazi kwa sababu alikuwa anajua kuiga. Unamwambia imba kama mwanamama fulani anayetamba, anaimba, imba kama yule mwingine, anaimba. Hiki kitu kikumbukeni, kinarudi.

1955 akapata mkataba na lebo kubwa. Sasa alivyoupata ndo utacheka. Kwenye demo zake kulikuwa na wimbo uliobeba jina la mtoto wa kiume wa bosi mmoja wa lebo, bosi akaona itakuwa zawadi nzuri ya bethdei ya mwanae. Ndo hivyo, mkataba ukasainiwa. Kwahiyo tukisema lebo iliona kipaji tuwe tunasema taratibu kidogo.

Miaka miwili ya kubuma

Kati ya 1955 na 1957 akatoa singo tisa za peke yake na zote zikabuma. Siyo kwamba zilifanya vizuri kidogo, hapana, hazikwenda kokote.

Sababu? Ukisikiliza zile rekodi unasikia msichana anayeimba kama watu wengine. Miaka ya kuiga kwenye demo ilimharibia, leo anaimba kama fulani, kesho kama mwingine, na anayenunua santuri haoni sababu ya kununua kopi wakati orijino iko shelfu hiyohiyo. Afu kingine, hii ni 1956, 1957, Elvis ameshapasua kila kitu, na lebo yake ilikuwa ya watu wazima waliozoea muziki wa filamu na okestra, ukiangalia nyimbo walizompa unaona kabisa walikuwa wanabahatisha madogo wanataka nini.

Kuelekea mwisho wa 1957 lebo ikamwambia wazi kwamba mkataba ukiisha hawaendelei naye. Yeye mwenyewe alishakata tamaa, alikuwa na nafasi ya kusoma New York University kwa ufadhili na alishaanza kupanga kwenda kusomea udaktari. Imebaki session moja tu.

Siku ya session ya mwisho

Oktoba 1957. Mzee alikuwa na wimbo kichwani, wa mwaka 1923. Hebu fikiria, wimbo una umri wa miaka 34, yaani umemzidi Binti karibu mara mbili, na Mzee anasema huu ndo uimbe. Binti akagoma kabisa, akaona madogo watamcheka. Wakabishana kwa wiki kadhaa.

Hoja ya Mzee ilikuwa hivi: wimbo huu watu wazima wanaujua tayari, ukiupigia mdundo wa kisasa madogo wataucheza, na kwa hiyo nyumba nzima itakuwa yako, baba na mama na watoto. Kumbuka nyumba nyingi bado zilikuwa zinashea redio na tivii sebuleni. Madogo walishaanza kupata redio ndogo za transista ila siyo wote.

Binti akafanya ujanja wa kitoto. Session ya studio enzi zile ilikuwa masaa matatu, wanamuziki wanalipwa kwa muda, ukizidisha unaongeza hela. Akaanza na nyimbo nyingine, akazivuta, akarudia hapa, akarudia pale, akiomba muda uishe kabla wimbo wa Mzee haujafikiwa. Muda ukabaki dakika chache. Mzee akashikilia bango. Ikabidi aimbe.

Na hapa ndo penyewe. Aliimba kwa hasira na kwa kutojali, hakuwa na nguvu ya kumuiga mtu, alitaka amalize aende nyumbani. Baadae yeye mwenyewe alikuja kusema ndo ilikuwa mara ya kwanza kujisikia yeye kwenye rekodi. Ukiusikiliza leo unaelewa, sauti imenyooka, ina kilio fulani cha kitaliano mwishoni mwa mistari, hakuna manjonjo.

Ilivyolipuka

Santuri ikatoka Novemba na haikufanya chochote. Hii sehemu watu huwa wanairuka kwa sababu inaharibu utamu wa hadithi ya baba mwenye maono. Wiki zikapita, kimya. Binti akaendelea na mipango yake ya shule.

Tarehe 1 Januari 1958, sikukuu, madogo wako nyumbani, mtangazaji Dick Clark akaucheza kwenye American Bandstand, kipindi cha tivii cha muziki wa madogo. Binti alikuwa mbele ya tivii kwao kama watu wengine, akamsikia jamaa anasema kuna msichana mpya, anaelekea namba moja, na mwanzoni akaumia roho akijua anasifiwa mtu mwingine mwenye bahati, mpaka ngoma ilipoanza kupiga. Kufika katikati ya mwaka zilikuwa zimeuzwa kopi zaidi ya milioni. Marekani ikafika nafasi ya 4, Uingereza ikakaa namba moja wiki sita.

Tuweke sawa kitu kimoja: American Bandstand ilikuwa kipindi cha Philadelphia tu mpaka Agosti 1957, ndo mtandao wa tivii wa ABC wakaanza kukirusha nchi nzima. Maana yake wimbo huohuo ungetoka Novemba ya mwaka mmoja nyuma, hicho kipindi cha kuufikisha kwa madogo wa nchi nzima mchana mmoja kisingekuwepo. Mzee alikuwa sahihi kuhusu wimbo ila muda hakuupanga yeye wala mtu yeyote.

Maamuzi matatu yaliyofuata

La kwanza. Baada ya hit, lebo na familia wakafanya kile ambacho kila mtu angefanya, wakachukua wimbo mwingine wa zamani wakaupika vilevile. Ukaishia nafasi ya 36. Mwingine tena ukabuma. Kwa hiyo ile fomula ya "wimbo wa babu na mdundo wa mjukuu" peke yake haikutosha. Wakaja madogo wawili watunzi, vijana kabisa, wakampigia nyimbo zao taratibu moja baada ya nyingine mpaka akaanza kusinzia, akawaambia hizi nzuri ila ni za wasomi, madogo wanataka kitu cha kuruka. Mmoja akamwambia mwenzie piga ile nyingine. Mwenzie akasita, ilikuwa imeshapangiwa kundi jingine la wadada. Wakaipiga. Binti akaruka hapohapo, hii ndo yangu. Marekani ikafika nafasi ya 14, Uingereza namba moja tena.

Huu uamuzi ni wa kwake, siyo wa Mzee, na ndo maana nauweka hapa. Sikio lake lilikuwa limeshaamka. Kuanzia hapo santuri zake nyingi zikawa na pande mbili zenye wateja wawili, upande huu wa madogo wa kurukaruka, upande wa pili wa watu wazima wa taratibu. Dogo ananunua kwa hela yake ya mfukoni, mama anageuza upande wa pili jioni.

La pili ni la Mzee, na mi naona ndo kubwa kuliko hata ule wimbo wa 1923. Mwaka 1959 akasema rekodi albamu nzima ya nyimbo za kitaliano. Kwa akili ya lebo yoyote ya rock and roll hii ni kujiua, una msichana wa miaka 21 anayetamba kwa madogo unampeleka kwenye nyimbo za harusi za bibi zao. Wakaenda kurekodi London, studio za Abbey Road. Albamu ikafika nafasi ya 4 kwenye chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, na ikakaa chati wiki 81. Baada ya hapo zikafuata albamu za kispaniola, za kiyahudi, za kijerumani, za kiayalandi, yaani wakawa wanapita jamii kwa jamii ya wahamiaji wa Marekani kama mtu anayegonga milango mtaani. Nyumba hizo zilikuwa zinanunua muziki siku zote, tatizo hakuna staa wa tivii aliyewahi kuwaimbia kwa lugha ya jikoni kwao.

La tatu linatokana na hilo. 1960 akatoa singo ikawa namba moja kwenye Hot 100, chati kuu ya singo ya Billboard, na akawa mwanamke wa kwanza anayeimba peke yake kufika hapo tangu chati ianze Agosti 1958 (upande wa pili wa santuri hiyo, kama kawaida, wimbo wenye asili ya Italia). Wengine wangetulia washerehekee. Yeye akakomaa iimbwe upya kwa Kijerumani. Ikaenda namba moja Ujerumani, na soko la kule likabaki lake miaka mingi hata alipokuwa hauzi tena kwao. Mwishoni alikuwa amerekodi kwa lugha zaidi ya 10, nyingi hazijui, anakariri matamshi silabi kwa silabi. Mtu atasema ni ujanja wa biashara, sawa, ila jaribu wewe kuimba wimbo wa mapenzi kwa Kijapani ukiwa hujui neno hata moja afu Mjapani aununue.

Kushuka

Hadithi ya kawaida inasema Beatles walikuja wakawafuta wote. Walitua kwenye kipindi cha tivii cha Ed Sullivan Februari 1964, na ni kweli waimbaji wengi wa kizazi chake walipotea mwaka huohuo. Lakini ukipanga tarehe hazikubali. Mara ya mwisho Binti kuingia kumi bora Marekani ni 1962. Mwaka 1963 mzima, kabla Mmarekani wa kawaida hajawasikia hao vijana wa Liverpool, nyimbo zake zilikuwa zinaishia nafasi za kumi na kitu mpaka thelathini na kitu. 1964 ndo ikawa mara ya mwisho kuingia arobaini bora. Beatles walikuta nyumba imeshaanza kuvuja.

Kilichovuja ni nini? Maoni yangu: sebule. Ile nyumba ya Mzee yenye redio moja ilikuwa inagawanyika, dogo ana transista yake chumbani, ana santuri zake, na hataki tena kusikiliza kitu ambacho mama yake anakipenda, kwamba mama anakipenda ndo sababu yenyewe ya kukiacha. Mkakati uliojengwa juu ya nyumba nzima ukabaki na wazazi. Ndo maana kwenye maukumbi alibaki anajaza, Las Vegas, New York, Ulaya, watu wazima wenye hela ya tiketi, wakati chati imeshamsahau. 1969 akaachana na lebo.

Hapa kuna jambo la kuliandika kwa heshima. Novemba 1974, baada ya shoo jirani na New York, mtu aliingia chumbani kwake motelini na kumfanyia ukatili wa kingono. Aliishtaki moteli kwa ulinzi mbovu na juri ikaamua alipwe dola milioni 2.5. Miaka mingi hakupanda jukwaani. Afu oparesheni ya pua ikamnyang'anya sauti kwa muda, na 1981, mwaka aliojaribu kurudi, mdogo wake wa kiume akauawa. Sitaki kuliingiza hili kwenye uchambuzi wa "maamuzi ya kikazi", haikuwa uamuzi wake. Naliweka kwa sababu anayesoma chati tu atadhani muziki ndo ulimshinda.

Mzee, upande wa pili wa santuri

Nimemsifu vya kutosha. Sasa tumgeuze.

Kabla Binti hajatoboa, kuna kijana aliletwa amuandikie nyimbo, naye alikuwa mwimbaji ambaye hajajulikana. Wakapendana. Mzee akapata habari kwamba wanataka kutoroka wakaoane, akaenda walipokuwa wanafanya mazoezi, na bunduki mkononi. Kijana akakimbia na mapenzi yakaishia hapo, na baadae kijana naye akawa staa mkubwa tu. Binti alikuja kusema wazi kwamba kutoolewa na yule kijana ndo kosa kubwa la maisha yake.

Mbele zaidi, miaka ya 80, Binti akiwa na majeraha ya akili ambayo madaktari walikuja kuyaelewa baadae sana, Mzee ndiye aliyesaini alazwe hospitali za magonjwa ya akili bila ridhaa yake, na siyo mara moja.

Utasema huyu ni mtu mwingine na yule wa wimbo wa 1923. Mi nasema ni yuleyule. Ule ukaidi wa kumkalia mtu mzima kooni mpaka aimbe asichotaka ndo uleule wa bunduki na ndo uleule wa kusaini fomu. Tofauti ni kwamba studio alikuwa sahihi, na kwa sababu alikuwa sahihi studio, hakuna aliyebaki nyumbani mwenye ubavu wa kumwambia hapana. Ushindi wa Januari 1958 ulimpa hoja ya kushinda kila ugomvi miaka iliyofuata: si uliona?

Kilichofanya kazi na kilichofeli

Kilichofanya kazi nimeshakigusa, kumtafuta msikilizaji aliyesahaulika. Naongeza kimoja tu, kwamba hawakubadilisha sauti kila walipobadilisha soko. Ukisikiliza cha Kijerumani, cha kitaliano na cha madogo, ni msichana mmoja. Zile singo tisa za mwanzo zilikuwa kinyume chake, soko moja na sauti tisa.

Bahati nayo iwekwe kwenye hesabu. Kipindi cha tivii kilichokuwa na miezi mitano tu tangu kianze kurushwa nchi nzima, jina la mtoto wa bosi, dakika zilizobaki saa ya studio ikiwa bado haijaisha. Ukitoa hata kimoja tunaongelea daktari mstaafu wa New Jersey.

Kilichofeli kikubwa ni kwamba meneja na baba walikuwa mtu mmoja na hapakuwa na mlango kati yao. Meneja ukimchoka unamwandikia barua mkataba ukiisha. Baba unamwandikia nini? Mzee alijua sana wateja wanataka nini, ila swali la Binti anataka nini lilibaki halina mtu wa kuliuliza, na yeye mwenyewe alichelewa miaka mingi kulijua jibu.

Na la kiufundi: baada ya 1962 walizidi kuongeza nchi na lugha, ambayo ilileta hela, lakini hawakuwahi kutafuta tena watunzi vijana kwa njaa ile ya 1958. Wale madogo wawili waliomkuta anasinzia hawakupata warithi.

Matokeo

Mwaka 2025, karibu Aprili, ngoma yake moja ikaanza kuzagaa TikTok, watu wanarekodi watoto, mbwa, keki, mabibi zao, mamilioni ya video. Hata mi nilianza kuisikia hapo kabla sijajua ya nani. Ni wimbo wa albamu ya 1962 ambao Marekani haukuwahi hata kutolewa kama singo. Waliurekodi kwa lugha saba, kama kawaida yao, wakaenda kwenye mambo mengine.

Alipopigiwa simu na kuambiwa ana hit, akiwa na miaka 87, ilibidi ausikilize kwanza. Alikuwa hakumbuki kama aliwahi kuuimba. Akafungua akaunti, akawashukuru madogo, na Julai mwaka huohuo akafariki, ngoma ikiwa bado inapiga kwenye simu za watoto ambao wazazi wao nao hawakuwa wanaijua.